Maharage ya Mama Heri

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi maishani, lakini sikuwahi kudhani kuna siku utanikosesha hata paa.

Mvua ya mawe ilitukuta Alhamisi mchana, mwezi wa kumi, mimi na binti yangu Nasra tuko shambani tunapalilia kabichi. Kwanza kiza, halafu baridi, halafu yakaanza kudondoka mawe ya ukubwa wa ndimu, upepo ukiyasukuma kutoka upande wa Mlalo. Tulijifunika ndoo vichwani tukatimua mbio. Haikupita nusu saa. Ilipokwisha, kabichi zote zilikuwa kachumbari. Nyumbani tukamkuta mume wangu, Zuberi, amesimama katikati ya sebule anaangalia juu, maji yanamchuruzika usoni.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona. Nikose kuona nina upofu?"

Mabati yale aliyaezeka marehemu baba mkwe mwaka tisini na mbili, na kutu ilishayala siku nyingi. Miaka kumi namwambia Zuberi tuyapake rangi. Siku ile sikumkumbusha. Haya, nilimkumbusha, lakini mara moja tu.

Mawe yenyewe yalipita kama mtu aliyeelekezwa njia. Yalipiga kwetu na nyumba tatu za jirani, kisha yakaishia mtoni. Ng'ambo ya bonde hata jani la mgomba halikuchanika. Nilimkasirikia Mungu kidogo, kisha nikamwomba msamaha, maana bado nilikuwa na shida naye.

Kesho yake fundi Paskali akapanda juu na ngazi yake. Alikagua, akagonga, akashuka akijifuta kutu mikononi. Mabati thelathini na manne, kumi na tisa yametoboka.

"Mgoshi," akamwambia Zuberi, kama wanaume wa kwetu wanavyoitana, "usidanganywe na mtu wa kuziba kwa lami. Ukiziba hapa linaachia pale. Paa hili ni la kubadilisha." Akataja mabati mapya, mbao za papi, kofia ya paa, misumari na ufundi wake. Ilifika milioni moja na laki tatu.

Sote watatu tulijua kwamba ndani ya sanduku chini ya kitanda kulikuwa na milioni moja na laki mbili, na tulijua ni ya nini. Nasra alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi Tanga. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, siku kumi tu mbele, akiwa na ada mkononi. Asipotokea, nafasi anapewa mwingine. Pesa ile ilikuwa miaka mitatu ya karoti na hoho, na miaka mitatu ya mimi kuvaa viatu vile vile.

"Chuo kitakuwepo mwakani," Zuberi akasema taratibu. Si mtu mbaya mume wangu. Alisema huku ameinamisha kichwa. "Vuli ndiyo hii imeanza. Kuta ni za udongo, Hidaya. Zikilowa, hatutakuwa na nyumba ya kuezeka."

Nasra hakulia wala hakubisha. Alitoka akaenda jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo asubuhi alishaviosha. Nilisikia vile vyombo vikigongana, na moyo ukaniuma kuliko siku niliyomzaa.

"Sanduku hilo lisiguswe," nikasema. "Nipe mpaka Jumamosi ijayo."

"Utafanya nini?"

"Nitaita ngemo."

Zuberi akacheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. Ngemo ni kazi ya pamoja, sisi Wasambaa tumeikuta kwa babu zetu. Mwenye shida huita, watu huja na mikono yao, yeye huwapikia, na siku ya wenzake naye huenda. Enzi za nyumba za majani, ngemo ya kuezeka kila kaya ilikuja na mzigo wa nyasi. Siku hizi kijijini kwetu kila kaya huja na bati moja, jipya au kuukuu, ilimradi halina tundu. Mpango ni mzuri sana. Tatizo ni kwamba mimi sikuwa ndani yake. Nilikuwa nimejitoa miaka miwili iliyopita, kwa sababu ya maharage.

Ilikuwa hivi. Kiongozi wa ngemo yetu ni Secilia, ambaye sote tunamwita Mama Heri kwa jina la mwanawe. Amenizidi miaka kumi na zaidi. Mwaka juzi tulikwenda kwake kubeba matofali. Mchana akatupakulia makande, na maharage yake yalikuwa magumu, yanalia mdomoni kr, kr. Sasa, ngemo ina sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: chakula cha ngemo hakisemwi. Kiwe na chumvi nyingi, kiwe kimeungua, unakula unashukuru. Atakayekisema anatozwa jogoo. Mimi nikashika harage moja, nikaliinua juu watu walione, nikauliza, "Mama Heri, haya ni ya kula au ya kupanda?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama Heri hakucheka. Nikatozwa jogoo, nikakataa kumtoa. Nikasema siwezi kulipa faini kwa kusema kweli, nikabeba jembe langu nikaondoka. Tangu siku ile, tukikutana njiani, nilikuwa nampita na "habari za saa hizi" kana kwamba ni rika langu. Watu wa kwetu wanajua uzito wa jambo hilo. Mtu anayestahili shikamoo ukimpa habari, bora ungemtukana, angalau angekujibu.

Jumapili mchana, Mama Heri aliporudi kanisani, nilimkamata jogoo wetu, nikamfunga miguu, nikaenda. Nilimkuta Mama Heri amekaa kizingitini na ungo mapajani. Kati ya kazi zote za dunia, alikuwa anachambua maharage.

"Shikamoo, Mama Heri."

Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani. "Karibu," akasema.

Karibu, si marahaba. Shikamoo yangu ikabaki inaning'inia pale mlangoni, na mimi nayo. Nikakaa chini bila kuambiwa.

"Nimeleta faini."

"Faini ya nini?"

"Ya maharage."

Akamtazama jogoo. "Faini ni ya mwaka juzi. Huyu mwaka juzi si hata yai hakuwa?"

"Hakuwa," nikakubali. Nilidhani midomo yake imecheza kidogo, lakini ikatulia. Kisha akageukia Kisambaa, maana hasira ikizama sana haitoki kwa Kiswahili.

"Unajua siku ile nilikuwa nimetoka wapi?" akaniuliza. "Nilitoka hospitali, Lushoto. Heri alilazwa wiki nzima. Nilirudi na gari la kwanza kwa sababu nilishawaita watu, na mtu haahirishi ngemo. Kuni zilikuwa zimenyeshewa. Nilichochea moto ule huku nalia, sijui kama mwanangu nitamkuta. Halafu wewe ukasimama na harage langu mkononi."

Sikujua. Nakuapia sikujua. Nilijua Heri aliwahi kuumwa akapona, lakini sikuwahi kupiga hesabu ya siku. "Kwa nini hukusema?" nikauliza, na hapo hapo nikaona swali lenyewe ni la kipuuzi.

"Ningesema saa ngapi? Watu walikuwa wanacheka."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. "Nisamehe," nikasema. "Nilikosa." Zuberi ana miaka ishirini na miwili kwenye ndoa hii, na hajawahi kusikia maneno hayo mawili yakifuatana.

"Umekuja kwa sababu ya paa."

"Nimekuja kwa sababu ya Nasra. Tukinunua paa, chuo hakuna. Siwezi kukudanganya, Mama Heri, mawe yasingepiga nisingekuja. Lakini kosa ni kosa, hata paa lingekuwa zima."

Aliendelea kuchambua. Nilihesabu vijiwe vitano. Mwishowe akanyoosha mkono, akampokea jogoo kwa miguu. "Jumamosi saa moja asubuhi," akasema. "Pika ya kutosha." Akaingia ndani. Marahaba hakunipa.

Wiki ile nilimuuza mbuzi wetu, nikapata pesa ya misumari, kofia na papi chache. Ufundi Paskali hatozi siku ya ngemo. Anakula tu, na anakula kwelikweli.

Jumamosi, kabla ukungu haujaondoka, wakaanza kutokea njiani mmoja mmoja, bati kichwani. Nilisimama mlangoni na Nasra tukiwahesabu, mpaka nikashindwa kuendelea, akamalizia yeye. Kaya kumi na tisa, na ya ishirini ikaja imechelewa, inaomba radhi. Kulikuwa na bati jekundu lililobaki kwenye nyumba ya mtu, kulikuwa na la bluu, na moja lilitoka banda la kuku likiwa bado na alama zake. Mimi ndiye niliyewahi kumwita jirani yangu mmoja mwenye nyumba ya viraka kwa sababu paa lake lilikuwa na rangi mbili. La kwangu lilikuwa linaelekea kuwa na sita. Niliuma ulimi, nikaenda jikoni.

Paskali aliwapanga. Mabati yetu yaliyopona yote akayakusanya upande wa Mlalo, unakotoka upepo mbaya, na ya watu akayaweka nyuma. Zuberi alikuwa juu ya kenchi pamoja nao, suruali imechanika gotini, anapiga nyundo na kuimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mawe yadondoke.

Mimi nilikuwa na vita vyangu. Mahindi na maharage niliyaloweka tangu jana yake, na sufuria niliibandika alfajiri. Lakini kuni zangu zote zilikaa chini ya yale matundu wiki nzima. Zilikuwa zinatoa moshi na machozi tu. Nilipuliza, nikapepea, nikamwagia mafuta ya taa. Saa saba mchana Paskali akagonga msumari wa mwisho, akapiga kelele kutoka juu, "Wenye nyumba, njaa!" Nikaonja harage moja. Nusura liling'oe jino.

Niliomba ardhi ipasuke. Lakini watu wamefanya kazi tangu asubuhi, huwezi kuwaambia wasubiri. Nikapakua. Wakakaa kwenye majani, wakaanza kula, na uani hapakusikika maneno. Ilisikika kr, kr, kr, sahani hadi sahani. Mtu mmoja akamtazama Mama Heri kwa jicho la pembeni, na wa pili, na wa tatu. Wote walikumbuka. Nami nilisimama na upawa mkononi, nikijua kilichokuwa kinanijia, na kwamba ni haki yangu.

Mama Heri alikula polepole. Alitafuna kila harage mpaka mwisho. Alipomaliza alifuta sahani kwa kidole, akaninyooshea.

"Niongeze," akasema.

Basi nikalia. Sikusingizia moshi. "Jamani," nikasema mbele ya wote, "maharage hayajaiva."

"Faini!" Paskali akaruka. "Amesema chakula cha ngemo!"

"Ni chakula changu mwenyewe!"

"Sheria haikusema cha nani!"

Watu wakaangua kicheko, hata Nasra aliyekuwa akigawa maji akalazimika kuweka ndoo chini. Wakamgeukia kiongozi atoe hukumu. Mama Heri alikuwa anajaribu kutafuna na kuzuia kicheko kwa wakati mmoja. "Jogoo mwingine," akasema. "Na asiwe yai." Nilikubali palepale.

Jumapili ikanyesha, mvua ya kawaida, ya kutosha. Tulikaa sebuleni watatu, tunasikiliza ikipita juu ya mabati ya watu ishirini. Lilidondoka tone moja tu, kwenye kona, juu ya kiti cha Zuberi. Akasogeza kiti. Kisha akaingia chumbani, akatoka na sanduku, akaliweka mapajani mwa Nasra. Nasra akalikumbatia kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

Jumatatu alfajiri tulimsindikiza kituoni. Mama Heri alikuwa ameshafika, amejitanda kitenge kwa baridi, ana kifurushi mkononi. Nasra akapiga goti, "Shikamoo, bibi," naye akaitikiwa vizuri, akapewa kile kifurushi. Ilikuwa kontena ya makande, bado ya moto.

"Ya safari," Mama Heri akasema. "Mfungulie kwanza mama yako aonje."

Abiria waliokuwa na habari, na nani hana habari kwetu, wakachungulia madirishani. Nikachukua harage moja, nikaliweka mdomoni. Lilikuwa laini, limeiva mpaka ndani, na lina chumvi yake sawasawa. Wote walikuwa wanangoja nitakachosema, Mama Heri zaidi ya wote.

Nilimeza. Kisha nikainama mbele yake, pale pale barabarani.

"Shikamoo, Mama Heri."

Alichukua muda wake. Dereva akapiga honi, hakushtuka.

"Marahaba, mdogo wangu," akasema.