Amina Kubwa

Kijana alikuwa na Amina nene. Ilitoka tumboni, ikapita juu ya bakuli la mboga, na kama dirisha lilikuwa wazi, ikafika kwa majirani. Shangazi alimpa jina siku ile ile ya kwanza alipokuja kula na kusali nao, mara tu mlango ulipofungwa nyuma yake.

"Amina Kubwa," alisema, akikusanya sahani. "Huyu akioa hapa, kaka, tununue pazia zito. Watu watadhani tumefungua kanisa."

Fundi, kaka yake, hakucheka. Kazi yake ilikuwa kuchonga funguo na kufungua vitasa vilivyokwama, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha jambo moja: mteja anayeapa na kuapa tena kwamba nyumba ni yake, huyo ndiye wa kuombwa kitambulisho. Mtu aliyezoeana na Mungu, aliwaza, hana haja ya kumpigia kelele. Debe tupu ndilo livumalo.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Binti yake, aliyeuza dawa katika duka moja karibu na hospitali, alikuwa amesema waziwazi kwamba hataolewa na mtu asiyesali pamoja naye. Fundi alijua neno hilo lilitoka wapi. Mama yake alipofariki, binti alijifungia chumbani, mapazia chini, nywele hazichanwi, chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Miezi ilipita hivyo. Waliomtoa ni vijana wenzake wa kanisani. Walikuja kuimba mlangoni kwake, wakaimba vibaya mno, tena kwa bidii, mpaka siku moja akatoka kuwaambia wanyamaze, akajikuta anacheka. Tangu hapo yeye ndiye aliyeongoza sala ya mezani, na nyumba ikasimama juu ya sala hiyo kama kabati lililovunjika mguu linavyosimama juu ya tofali.

Fundi mwenyewe alikuwa amemaliza maneno yake na Mungu pale wodini, siku mke wake alipofunikwa shuka. Hakumwambia mtu. Kila jioni aliinamisha kichwa, akaacha macho wazi, akatazama mchuzi ukipoa, kisha akasema Amina pamoja na wengine. Hakuona kwamba anadanganya. Anayemnywesha mgonjwa dawa hainywi yeye. Anashika kijiko tu.

Lakini huyu kijana, yeye alitaka nini?

Mchungaji wa binti alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kutangaza ndoa aliwaita wachumba pamoja na mzazi wa binti, akamuuliza mzazi swali moja: kijana huyu ni mtu wa sala nyumbani kwako? Zamu yao ilikuwa Jumamosi. Fundi aliona ni lazima apate jibu kabla ya hapo, tena jibu la uhakika.

Alianzia kazini kwa kijana, karakana ya lifti nyuma ya jengo refu la ofisi. Alijidai anatafuta kipande cha chuma, kisha akamtaja kijana. Msimamizi, mwanamke mwenye kalamu sikioni, alikuwa mtu wa maneno.

"Kumbe ndiye mkweo mtarajiwa? Kijana mzuri, mzee. Anajua kazi. Ila siku hizi ametuangusha Jumapili."

"Amewaangusha vipi?"

"Zamani zamu ya Jumapili ilikuwa yake. Aliiomba mwenyewe. Wenzake wakienda kanisani, yeye yuko juu ya lifti anapiga mluzi. Sasa eti naye anaenda. Nikamuuliza, wewe, umempata Mungu au umepata msichana?"

"Akasemaje?"

"Akacheka."

Fundi alirudi bila chuma. Akacheka. Neno hilo alilitafuna njia nzima.

Jioni kijana akaja, akanawa mikono, akaketi mahali pake. Binti akasema, "Tufumbe macho," akaanza kuomba. Fundi aliinamisha kichwa kama kawaida, lakini safari hii macho yake aliyapeleka kwa mgeni. Alitarajia kumkuta anapima vipande vya nyama.

Kijana alikuwa ameinua uso, macho wazi kabisa, anamtazama binti. Alitazama mabega yake yakishuka kidogo kidogo kadiri sala ilivyoendelea, na vidole vyake vilivyokuwa vimekazana vikilegea. Alitazama kama fundi anayeangalia mshale wa mashine, akisubiri utulie. Kisha akahisi kitu, akageuka, na macho yake yakagongana na ya Fundi.

Hakuna aliyefumba. Walikaa hivyo mpaka sala ikaisha.

"Amina," akasema Fundi.

"Amina," akasema kijana, na kwa mara ya kwanza ikatoka nyembamba.

"Leo una mafua?" Shangazi akamuuliza.

Tangu hapo Fundi akakosa raha. Alikuwa amekwenda kumkamata mwizi ndani ya nyumba, na mwizi naye amemwona yeye yuko ndani, bila ruhusa vilevile. Kila mara kijana alipocheka mezani, Fundi alijiuliza anamcheka nani. Kila mara binti alipowasifu wote wawili kwa kumsaidia katika sala, kijana aliinua glasi ya maji akanywa taratibu, na Fundi alihesabu hilo kuwa ujumbe.

Alhamisi kijana akapita kwenye kibanda cha kazi cha Fundi, mfuko mkononi. Ndani mlikuwa na shati jipya.

"Nimeona litakufaa Jumamosi, Mzee."

"Mashati ninayo."

"Najua. Nimependa tu kukuletea."

Fundi aliendelea kusugua meno ya ufunguo kwa tupa. "Kuna neno unataka nikusemee?"

"Hapana, Mzee. Nilitaka tuelewane."

"Tuelewane juu ya nini?"

Kijana alitazama funguo zilizotundikwa ukutani, kana kwamba mojawapo ingemsaidia. "Juu yake yeye. Sisi wawili tunamtakia jambo moja."

Alipoondoka, Fundi alilikunjua shati, akatazama ndani ya kola, akapapasa mfuko. Hamkuwa na kitu. Sisi wawili, alijirudia. Neno hilo alilisikia kama mtu anayetajiwa bei. Huyu akishaoa atatembea na siri yangu mfukoni maisha yake yote, na siku nitakayomkosoa ataitoa mbele ya mwanangu. Bora niwahi mimi.

Ijumaa walipokaribia kumaliza kula, binti aliweka kijiko chini.

"Baba, kesho mchungaji atakuuliza swali lake. Utamjibuje?"

"Nitamjibu sijui."

Mkono wa Shangazi ukasimama njiani kwenda mdomoni.

"Hujui nini? Si anakula hapa kila wiki?"

"Kula anakula, sikatai. Kusali ndiko sikujui. Mwanangu, huyu kijana hasali. Wewe ukifumba macho yako, yeye ya kwake yako wazi. Nimemwona."

Akaegemea kiti. Alitarajia kijana aruke, aape, akane kwa ile sauti yake nene. Kijana hakusogea. Aliyesogea ni binti. Alimgeukia baba yake taratibu.

"Umemwonaje, Baba?"

"Kwa macho yangu haya."

"Wakati wa sala?"

Fundi alivuta sahani yake karibu, akaisukuma tena.

Shangazi ndiye aliyeanza, kicheko cha puani kilichomtoka huku anajizuia. "Nyani haoni kundule. Kaka, wewe fundi mzima umejifungia nje, ufunguo umeuacha ndani."

"Nyamaza wewe."

"Ninyamaze kwa nini? Kumbe katika nyumba hii mimi ndiye mjinga ninayefumba. Ndiyo maana kila siku naangukia kipande kidogo."

Binti hakucheka. "Tangu lini, Baba?"

"Tangu mama yako."

"Na kila siku unasema Amina."

"Nilisema kwa ajili yako. Niliogopa nikiacha utarudi kule chumbani."

Binti akamgeukia kijana. "Na wewe?"

"Mimi sijawahi kuamini," kijana akasema. Alisema polepole, akitazama sahani yake. "Nimejaribu, imenishinda. Lakini nilikuona unavyotulia ukisali, nikapenda kukaa karibu na hapo. Nikaona nikisema kweli nitakuharibia."

"Wewe pia uliogopa nitarudi chumbani."

Kijana akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanitazama," binti akasema. "Kila jioni mimi nafumba macho nikidhani nasali na watu wangu, kumbe nimelazwa wodini, na nyinyi ndio wauguzi."

Alisimama, akakirudisha kiti chake chini ya meza vizuri, jambo lililomtisha Fundi kuliko kama angekisukuma. "Kesho hatuendi kwa mchungaji. Nitampigia simu mwenyewe." Kisha kwa kijana: "Wewe nenda kwenu. Usije mpaka nikuite. Nikikuita, uje bila ile Amina yako."

"Na usiponiita?"

"Utakuwa umejua."

Akaingia chumbani. Fundi alisikia kitasa kikizungushwa. Kitasa hicho alikipachika mlangoni yeye mwenyewe, na angeweza kukifungua kwa kipande cha waya. Aliinuka nusu.

"Ukiugusa mlango ule," Shangazi akasema akifuta meza, "mimi na wewe tutakosana."

Asubuhi alikuta mlango wa binti uko wazi na kitanda kimetandikwa. Akadhani amekwishaondoka. Alishika njia ya jikoni, akasimama nje ya mlango, kwa kuwa alisikia sauti.

Binti alikuwa amevaa nguo za kazini, amesimama mbele ya jiko, anaomba. Haikuwa ile sala ya mezani iliyopangwa vizuri. Alikuwa analalamika kama mtu anayedai deni la majibu, anarudi nyuma, anarudia neno. "Na huyu mzee wangu," alisema, "usiache nimchukie leo. Leo tu, halafu tutaona."

Fundi alisikiliza, na tabia ni ngozi, akaanza kushuku. Je, ni sala ya kweli? Au amesikia hatua zangu, anasema hivi ili nisiwe na wasiwasi, ashike kijiko kwa ajili yangu kama nilivyoshika kwa ajili yake? Alitega sikio akitafuta mahali sauti itakapojisaliti. Hakupata. Wala hakupata uhakika wa kinyume chake.

"Ingia, Baba," binti akasema bila kugeuka. "Lakini usiseme Amina kama huna."

Akaingia, akaketi. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mabega ya binti. Akayaondoa, akatazama mikono yake mwenyewe, yenye weusi wa chuma usiotoka kwa sabuni. Sala ikafika mwisho. Mahali pa neno lake pakabaki kimya, na Fundi akakaa ndani ya kimya hicho akisubiri kuona kama binti ataanguka.

Binti akamimina chai katika vikombe viwili, akamsukumia kimoja.

Fundi akaonja. "Haina sukari."

"Najua," binti akasema, akitafuta mkoba wake. "Mkebe uko hapo nyuma yako."