Mtoto wa Kuazima

Phionah Biira hakuwa mtu wa kutulia, na tangu arudi kutoka soko la Bwera, mpakani na Kongo, alikuwa amezidi. Alikuwa akitayarisha kipindi cha redio pale Kasese kuhusu magendo ya kahawa ya wakati wa Amin, kipindi cha Kiswahili ili majirani wa upande wa Kongo nao wasikie. Alitaka vichekesho vya wazee tu. Badala yake Mama Marlène, muuza vitenge kutoka Beni, alimpa jambo lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Bamama balikuwa nafunga kahawa mu mugongo kama mutoto, na basoda ba Amin balikuwa nachoma mizigo ya mugongo na sindano," alisema Marlène. "Mutoto ya kweli inalia, kahawa hailie. Njo bamama bakaanza kuazima mutoto. Moja iko mbele na mutoto yenye kulia, wengine beko nyuma na kahawa. Afande anachoka na makelele, anasema piteni." Akacheka, kisha akaacha. "Kuko mutoto moja ya Rukoki, haikurudia kwabo. Risasi ililia, ule mwenye kuazima akakimbia na ile mutoto Kongo."

Rukoki ndiko kwao Phionah, na mama yake, Ketura, alikuwa bingwa wa magendo kabla ya kuokoka. Tena kulikuwa na suala la jina. Wakonzo, pamoja na ndugu zao wa upande wa Kongo, humpa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, na hata aliyekufa hanyang'anywi zamu yake. Phionah aliitwa Biira kwa sababu Masika alimtangulia. Surua ilimwua, waliambiwa, kwa mama mdogo huko Nyakiyumbu karibu na mpaka, akazikwa huko huko, baba akiwa kazini mgodini Kilembe. Phionah hakuwahi kuuliza zaidi, maana nani huchimbua habari za mtoto wa surua?

Jumamosi asubuhi alipanda boda hadi Rukoki. Alimkuta mama yake akichambua maharage. Akakaa, akawasha kinasa sauti, akasimama, akakaa tena.

"Una siafu ndani ya nguo?" Ketura akamuuliza.

"Mama, yule mtoto wa kuazima alikuwa wa nani?"

Mikono ya Ketura haikusimama, ila sasa ilitupa mazima pamoja na mabovu.

"Ilikuwa yangu," alisema. "Nilimpa Jeanine, rafiki yangu wa upande wa Kongo, kwa sababu mtoto ilikuwa inajua kulia. Nilikuwa naringa nayo. Jeanine alivuka mto wa mpaka, risasi ikalia, sisi wa nyuma tukarudi mbio. Nilivuka tena na tena kutafuta, mpaka miguu ikavimba. Jeanine hakuonekana."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa amenikataza magendo. Ningemwambia nini? Nilisema surua."

Phionah akazima kinasa sauti. Yosamu, baba yake, msomaji wa kanisa, alikuwa akilima nyuma ya nyumba. Neno hili likitoka redioni, ndoa ya wazee hawa ingevunjika uzeeni mbele ya watu wote. Akasema atalifuta, wazee wa kusimulia wapo tele.

"Washa," alisema Ketura. "Mimi sina miaka ingine ya kungoja. Kongo wanasikia redio yako. Lakini baba yako asisikie kwa redio. Muite."

Yosamu alikuja na gambuti zenye tope, akasikiliza amesimama. Ketura alisema yote, hakupunguza. Alipomaliza, mzee alitoka. Phionah alimfuata hadi mlangoni, akarudi, akamfuata tena. Baba yake alikuwa akizunguka nyumba na jembe mkononi, na Phionah aliogopa kwelikweli. Kisha mzee akaliegemeza jembe ukutani, akaingia.

"Mnatangaza mnatafuta nani?"

"Masika," alijibu Phionah.

"Beni yote iko na Masika. Kila nyumba iko na moja. Na kama huyo Jeanine alikuwa na binti mkubwa, mtoto yetu wamemuita Biira, ya pili. Sasa mtapata nani?"

Mkonzo mzima, mtangazaji mzima, Phionah alikuwa tayari kuliita hewani jina ambalo nusu ya wanawake wa ng'ambo wangeliitikia.

Yosamu akaketi, akavua gambuti ya kushoto, kisha soksi. Vidole viwili vya mguu ule vilishikana tangu kuzaliwa. Phionah alivijua siku zote, ila yeye hakuvirithi.

"Masika alikuwa nayo," alisema Ketura, akageuza uso na kulia.

Mzee hakumtazama. "Wewe tutaongea baadaye. Miaka yote hii umeniacha namlilia mtu anayepumua." Phionah akawasha kinasa sauti, mzee akakiinamia, karibu mno, kama wazee wanavyofanya na simu.

"Mimi ni Yosamu wa Rukoki. Mwanangu, popote uko, angalia mguu yako ya kushoto. Kama vidole mbili imeshikana, wewe ni wetu. Jina yoyote wanakuita huko, kuja nayo."