Siku Redio Alipojizima

Tarishi alipanda ngazi akihema, amebeba boksi lililofungwa kwa utepe wa gundi, akagonga mlango wa fundi saa, kimya. Mlango wa pili ulikuwa wazi. Kizingitini alikaa mama mmoja mnene nyuma ya cherehani, miwani imemshukia puani, anapinda sketi ya shule.

"Mama, utampokelea jirani yako?"

"Weka hapo mezani, mwanangu."

Maskini tarishi, hakujua amempa nani. Katika jengo lile la ghorofa nne hakuna aliyemwita mama yule kwa jina lake. Aliitwa Redio. Alishona nguo za watu mchana, na habari zao saa zote. Mtu akipiga chafya ghorofa ya kwanza, kabla hajapangusa pua, ghorofa ya nne wameshampa pole.

Ila mwezi uliopita mambo yaliharibika. Redio alimwona nesi wa ghorofa ya juu akipandisha mfuko wa nguo za kichanga, akatangaza jengo zima kwamba sista ana mimba. Kumbe ni zawadi ya mtoto wa mfanyakazi mwenzake. Nesi alisimama palepale mlangoni, macho yamejaa machozi, akamwambia, "Mama, wewe huna kifua hata kidogo." Basi. Tangu siku hiyo salamu zake zikawa za kupita tu, na Redio, aliyempenda yule binti kama wa kumzaa, akaapa kufunga mdomo. Sasa nesi alikuwa amehamishiwa hospitali ya mbali, anaondoka na basi la jioni hiyohiyo, na Redio aliwaza kitu kimoja tu: asije akaondoka na kinyongo.

Kwa hiyo boksi lilikaa mezani, naye akalipa mgongo. Akashona. Akageuka. Halikuwa kubwa, halikuwa dogo. Akaliinua kidogo ili afute vumbi, ingawa vumbi halikuwepo. Jepesi! Akalitikisa mara moja, kuhakikisha hakijavunjika kitu. Ndani kukagonga, ko, ko. Akalirudisha haraka na kukalia mikono yake.

Jirani wa chini, mama wa mapacha, akapanda kuazima sindano.

"Sindano ipi?" Redio akauliza.

"Yoyote tu, shoga." Macho yapo mezani. "Hilo la nani?"

"La mwenyewe."

Mama wa mapacha akashuka na sindano asiyoihitaji, kaduwaa. Baada yake wakaja wengine, huyu anauliza saa, yule anatafuta paka, na nyumba ile haikuwahi kuwa na paka. Wote waliondoka mikono mitupu. Hata mume wa Redio, kinyozi mstaafu anayejisifu kwamba umbea si kazi ya wanaume, alilizunguka boksi mara kadhaa kabla ya kukohoa.

"Mke wangu, mimi simo. Lakini gundi ya aina hii ukiipitishia mvuke wa birika inabanduka yenyewe."

"Umejuaje?"

"Nasikia tu."

"Toka!"

Ulimi ulimwasha mchana kutwa, lakini alijikaza. Jua lilipoanza kuinama fundi saa akarudi. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mjane wa miaka mingi, mwenye maneno machache na saa tatu mkononi, za wateja, anazozipima kama zinakwenda sawa. Redio alimkabidhi boksi kwa mikono miwili, kifua mbele.

"Lako hilo, kaka. Halijaguswa."

Fundi akaligeuza, akakagua gundi pande zote. Uso ukamshuka.

"Hukufungua?"

"Hata kuchungulia!"

"Dada! Hata kona moja?" Akajitupa kwenye kiti. "Basi nimekwisha."

Redio akadhani amesikia vibaya. Ilibidi amvute maneno moja moja, kama anayefumua mshono. Mle ndani mlikuwa na viatu vya kike, vyeupe, laini, namba arobaini na tatu. Na katika jengo zima mguu wa namba hiyo ni mmoja, wa nesi, anayelalamika kila siku kwamba viatu vya kazini vinamuua. Fundi alimpenda. Kila alipojaribu kumwambia alijikuta anaongelea mvua. Ndipo akapiga hesabu zake: boksi lije wakati yeye hayupo, Redio alifungue, aone namba, na kufikia adhuhuri nesi awe ameshajua. Kama anamtaka, atashuka. Kama hamtaki, hakuna aliyeaibika.

"Yaani umenifanya mimi spika!" Redio akapandisha sauti. "Miaka yote nafungua yasiyonihusu, mnanisema. Leo nimetulia, mnanilaumu! Panda juu ukamwambie mwenyewe!"

"Siwezi, dada. Miguu hainibebi."

Hapo wakasikia begi likishuka ngazi, du, du, du. "Hodi, mama!" Miguu isiyombeba fundi ikamfikisha jikoni kwa kufumba na kufumbua, akajibanza nyuma ya pazia. Boksi likabaki kitini.

Nesi aliingia, akaliona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita.

"Mama wa mapacha kaniambia limeshinda hapa na hujaligusa. Sikuamini." Akamshika Redio mkono. "Nilikusema vibaya. Una kifua, mama. Naondoka moyo wangu mweupe."

Redio alihisi machozi. Ndicho alichokitaka, ndicho hasa, amepewa mkononi. Anyamaze tu, amkumbatie, binti aende akimsema vizuri. Akatazama pazia. Pazia lilikuwa linatetemeka.

Alipiga moyo konde.

"Mwanangu, rudisha maneno yako," akasema. "Hicho kifua nakivua sasa hivi. Hilo boksi ni lako. Ni viatu, namba arobaini na tatu, na aliyevinunua anakupenda mpaka anaumwa, ila ni mwoga kuliko kuku. Nimeapa nisiseme ya watu, nimesema. Kasirika ukitaka."

 Nesi alilitazama boksi, akamtazama Redio, akatazama pazia. Zile saa tatu zilisikika wazi kutoka jikoni, kila moja na mwendo wake.

Akakaa. Akavua viatu vyake.

"Nipe mkasi, mama."

Alikata gundi taratibu, akavaa, akasimama, akapiga hatua mbili.

"Vinabana kidogo."

"Nitavibadilisha!" pazia likasema. "Kesho asubuhi! Yaani... kama utakuwepo."

Nesi alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalisukuma begi lake chini ya meza ya cherehani.

"Basi la kesho jioni lipo pia," akasema. "Toka huko jikoni tuongee. Na usinianzie mvua."

Redio alikuwa ameshafika mlangoni, koo limelainika, ghorofa zote nne zinamsubiri.

"Mama!" nesi akamwita. "Sema yote. Ila hilo la kubana liache."

Kabla ya giza jengo zima lilijua habari za fundi na nesi, mpaka rangi ya viatu. Lakini mama wa mapacha alipouliza kama vilimtosha, Redio alimtazama usoni bila kupepesa.

"Kama vimezaliwa naye," akasema.