Aliyeruka Darajani

Nyumbani walimwita Bi Chanzo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ukisema mezani kwamba joto la mwaka huu limezidi la mwaka jana, yeye anaweka kijiko chini na kukuuliza umeyasoma wapi. Kaka yake alishakata tamaa ya kupiga soga mbele yake. Baba yao ndiye pekee aliyecheka. Alikuwa akisema huyu binti hata siku ya kuzaliwa alidai cheti kwanza ndipo akalia.

Kazi yake ilikuwa ukutubi. Mchana, wasomaji wakipungua, alifungua kompyuta ya mapokezi na kuingia kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Humo alijiita Kalamu Kavu. Watu wa nyumbani walijua anahariri, lakini jina hilo hawakulijua. Kwa miaka tisa alikuwa amejitolea kulinda makala za filamu za zamani, na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Mwindaji wa Darajani, filamu ya mapigano ambayo watu wa rika lake waliitazama mpaka mkanda ukaisha. Kila mtu alikumbuka kipande kimoja. Komando, kama mashabiki walivyomwita nyota wake, anafukuzwa na majambazi, anapanda ukingo wa daraja, kamera inamwona kwa mgongo, anagusa sikio la kulia, anajirusha mtoni.

Makala ilieleza kwamba Komando aliruka mwenyewe, na kwamba kule kugusa sikio ni ubunifu wake, ishara ya kumuaga mwenzake aliyeuawa mwanzoni mwa filamu. Sentensi hiyo aliiandika Bi Chanzo, akaiwekea vyanzo vitatu, na alijivunia kuiandika.

Komando akafariki. Wiki moja baadaye akatokea mchangiaji asiye na jina, namba tu, akaongeza mstari: "Aliyeruka darajani si Komando, ni fundi seremala wa filamu hiyo. Mguu wake ulivunjika." Bi Chanzo akaufuta, akaandika sababu: hakuna chanzo. Kesho yake mstari ukarudi, akaufuta tena. Siku ya tatu ukarudi umerefuka: "Maji yalikuwa machache kuliko tulivyopima. Fundi alilazwa miezi miwili. Aliahidi kunyamaza mpaka Komando afe, akanyamaza."

Watu wana muda wa kuchezea, Bi Chanzo alijisemea. Akaingia kwenye ukurasa wa mazungumzo wa yule mwenye namba na kumwachia onyo: hapa si kijiweni, kumbukumbu za mtu si chanzo, ukirudia utazuiwa. Mtu akarudia. Mara ya saba Bi Chanzo akamzuia kuhariri kwa mwaka mzima, akauondoa ukurasa wa mazungumzo wa mtu huyo kwenye orodha ya kurasa anazozifuatilia, akaenda kunywa chai roho yake ikiwa nyeupe.

Jumapili iliyofuata alikwenda kula kwa baba, kama Jumapili zote tangu mama yao afariki. Mzee alimwandalia mwenyewe, akichechemea kati ya jiko na meza. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo. Aliwaambia wanawe kwamba alianguka kutoka kwenye paa la watu kabla hawajazaliwa, nao hawakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Siku hiyo alikula kidogo, akasogeza sahani.

"Hivi, mama," akamwambia binti yake, "huko kwenye ensaiklopidia yenu, kama jambo limempata mtu yeye mwenyewe, mwilini mwake, hawezi kuliandika?"

"Mwili si chanzo, baba," Bi Chanzo akajibu, mdomo umejaa. "Kila mtu ana mwili."

Mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa akaelewa, akamwongezea mchuzi. Wakahamia kwenye habari za kaka na wanawe. Hata njiani kurudi kwake swali lile halikumgonga kichwani, na hilo ndilo ambalo mpaka leo hawezi kujisamehe.

Miezi minne baadaye moyo wa mzee ulisimama asubuhi moja akiwa karakanani, amekaa kwenye benchi lake, penseli sikioni. Walimzika. Kaka akampa Bi Chanzo simu ya baba ili atoe picha za familia kabla laini haijafungwa.

Aliifungua palepale karakanani, amesimama juu ya maranda. Picha zilikuwa chache. Alipogusa alama ya mtandao ukurasa mmoja ulijifungua, maana mzee hakuwahi kujua namna ya kuufunga. Ulikuwa na maandishi mekundu: Umezuiwa kuhariri makala hii. Aliyekuzuia ni Kalamu Kavu.

Akasoma. Akasoma tena, kama anasoma habari za mtu mwingine. Kisha akakaa kwenye benchi la baba yake.

Kwenye simu hiyo hiyo alitafuta kile kipande cha darajani. Alishakitazama mara mia. Mtu mwenye koti la Komando anapanda ukingo, na mkono wa kulia unakwenda sikioni. Safari hii Bi Chanzo hakuona ishara wala mwenzake aliyeuawa. Aliona alichokiona kila siku ya utoto wake, baba akitaka kupanda ngazi, baba akitaka kuinua msumeno: anagusa sikio kwanza, kuhakikisha penseli ipo. Siku ile haikuwepo. Walikuwa wamemvika nguo za mtu mwingine, na penseli aliiacha chini. Bi Chanzo akalia mpaka kaka yake akatoka nyumbani kuja kumtazama.

Kesho yake, akiwa kazini, aliingia kwa jina lake la Kalamu Kavu na kuandika mstari ule ule, safari hii na jina kamili la baba yake. Baada ya dakika ishirini ukafutwa. Aliyeufuta ni kijana hodari ambaye Bi Chanzo mwenyewe alimfundisha kazi. Sababu: hakuna chanzo. Chini yake aliongeza, kwa heshima zote, kwamba huenda mwalimu amekosea kubofya.

Akashuka kwenye ghala la magazeti ya zamani la maktaba. Alikaa humo siku tatu, vumbi mpaka kwenye kope. Magazeti yote yalisema Komando aliruka mwenyewe. Moja tu, ukurasa wa ndani, liliandika kwamba siku hiyo fundi mmoja aliumia kidogo. Jina hawakulitaja. Akamwandikia yule kijana mstari mmoja: umefanya vizuri kufuta.

Ilibaki sehemu moja ambayo hakuwahi kuitazama. Mchangiaji aliyezuiwa huachiwa ukurasa wake wa mazungumzo, ili akiwa na la kusema aseme. Bi Chanzo aliutafuta kwa ile namba. Juu kulikuwa na onyo lake mwenyewe, neno kwa neno, na chini yake jibu, tarehe ya Jumatatu, siku moja baada ya kile chakula cha mchana.

"Mhariri, samahani kwa usumbufu. Nimeelewa sasa, sitarudia. Sikutaka sifa. Nilitaka iandikwe kwanza hapo, ndipo nimwonyeshe binti yangu. Yeye ni kama wewe, haamini jambo mpaka alisome mahali. Nikimwambia kwa mdomo ataniuliza chanzo."