Milioni Moja na Moja

"Mwalimu, hii namba inagawanyika," Bhoke alisema, akiwa amesimama na daftari lake. "Inagawanyika kwa mia moja na moja."

Ilikuwa alasiri ya joto, mwaka 1966, katika darasa la watu wazima kule Uriri. Nyuma alikaa afisa wa elimu aliyekuja kuamua kama niajiriwe kabisa. Ubaoni nilikuwa nimeandika 1,000,001, na chini yake: *namba tasa*. Wiki nzima nilikuwa nimewaambia kwamba hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukweli ni kuwa niliijaribu kwa namba tasa hadi arobaini na saba, nikachoka.

Bhoke hakuchoka. Alikuwa ameolewa kutoka upande wa mpakani, na kwa miaka tisa nyumbani kwa mumewe, Werema, hakuwa amepata mtoto. Mke mwenzake, Marcella, mwenye watoto watano, alikaa dawati la mbele.

Dakika mbili za kugawanya zingetosha. Lakini nilimwona afisa ameinua kalamu, nikaogopa.

"Kaa chini, mama," nilisema. "Tasa ni tasa tu, hata uhangaike miaka tisa."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Marcella alijifunika uso kwa leso. Hata afisa alicheka. Bhoke alifunga daftari, akaliweka kwapani, akatoka bila kuharakisha.

Walipoondoka wote nilichukua chaki. Mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. Hakuna baki. Nilirudia mara tatu, kama mtu anayetafuta pesa katika mfuko anaojua ni mtupu.

Nimestaafu sasa, niko Homa Bay, na watu huniita mwalimu kwa heshima. Barua ya ajira ilifika mwezi uleule wa ziara ya afisa.

Siku kumi zilipita kabla sijaenda kwa Bhoke. Alikuwa shambani aking'oa njugu.

"Ulikuwa sahihi," nilimwambia.

"Najua, mwalimu. Nilianza na tatu, nikaenda saba, nikaenda kumi na moja. Zote zilibakisha. Ile ya mia moja na moja niliirudia, nikidhani nimekosea."

"Rudi darasani."

Alikung'uta udongo kwenye mizizi. "Wewe waambie kwanza. Walikuwa wengi waliocheka."

Nikaahidi.

Jumatatu niliandika namba ile tena, nikaigawanya mbele yao hatua kwa hatua mpaka sufuri ya mwisho. Nilieleza kwamba kulikuwa na kosa dogo. Sikutaja kosa ni la nani, wala nani aliyeliona. Jina lake lilinifika ulimini, likakaa hapo.

Phelesia, mwanafunzi aliyependa hesabu kuliko wote, aliinua mkono.

"Mwalimu, uligundua mwenyewe?"

Nilitazama dawati la Bhoke, lililokuwa bado tupu.

"Ndiyo," nikasema.

Wakanipigia makofi.