Sala ya Kufunga Kikao

…kumbe hicho ndicho walichomwitia, kuomba, siyo tathmini, kuomba tu, na wameshasimama wote, viti vimekwaruza sakafu, kofia zimevuliwa, kofia mpya za kijani zenye jina la sera ambayo yeye, mtu wa mazingira wa idara nzima, ameisoma kwa mara ya kwanza leo asubuhi, kofia zimetangulia tathmini, Mungu wangu, kofia… na mwenyekiti anamtazama kwa lile tabasamu lake la harusini, "Haya, dada yetu wa mazingira, tuombee tukanywe chai," nyuma mtu anacheka kwa pua, eti afupishe, safari ile aliomba mpaka maandazi yakaota ndevu, vichwa vikainama, naye akafumba macho akimtafuta Bwana, likaja bonde, bonde la kwao, mama mdogo kapandisha gauni magotini anakinga maji katikati ya matete, kiangazi kimekausha kila kitu isipokuwa pale, na mpaka leo yuko pale, magoti yamechoka lakini ndoo ni ileile, halafu sera inasema mabonde yote yenye kinamasi yachimbwe mifereji, yakaushwe, yalimwe mahindi, yote, na hakuna hata mmoja humu aliyeuliza visima vya huko chini vitapata wapi maji… yeye aliuliza, mlangoni, kabla ya kikao, mchumi akampigapiga begani kama mtoto aliyeamka vibaya, "Tathmini tutaifanya mbele ya safari, dada, kwanza ipite," ipite, kama mtu anayemeza dawa ndipo aulize inatibu nini, na bonde likishakauka utalitathmini nini, vumbi? nisamehe, Baba, nina hasira, na hasira ndani ya sala ni dhambi, najua, lakini hawa nao wanajua wanachofanya, wanaitaka sauti yake ya kwaya iwe mfuniko, wao wapike, yeye afunike, aseme amina, na amina ni iwe hivyo, naye hataki iwe hivyo, atamdanganyaje Mungu mbele ya watu wote hawa… chumba cha pili vijiko vinagonga vikombe, mtu anakohoa kile kikohozi cha kuharakisha, katibu kashika kalamu anangoja amina yake, maana katika ofisi hii kikao hakifungwi kwa nyundo ya mwenyekiti wala kwa saini, kinafungwa kwa sala, katibu haandiki kimefungwa mpaka ameisikia, ndivyo walivyojiwekea wenyewe… ndivyo walivyojiwekea, basi sala haijasemwa, basi kikao bado ki wazi, na kikao kikiwa wazi yeyote aliyemo ana haki ya kutoa hoja, hata mwombaji, "Dada, tunakusubiri," mwenyekiti ananong'ona bila kuinua kichwa, na vichwa bado vimeinama, kofia ziko vifuani, vijiko vinagonga vikombe, naye, ee Baba, nipe ulimi usiotetemeka, akafumbua macho.