Risasi ya Agripina Haina Haraka

Jumatatu saa tisa alasiri, Agripina alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya jiko lake, kijijini Mitundu, akalilaza mapajani gobore la marehemu baba yake. Lilikuwa la gumegume, lile linalowashwa kwa cheche ya jiwe, na kwa urefu lilimshinda yeye. Baba alimwachia kwa sababu kati ya watoto saba ni yeye tu aliyewahi kuliomba. Kibali chake kilihifadhiwa ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Waamuzi.

Baba yake mdogo, Ezekieli, mwenyekiti wa kitongoji, hakuona sababu ya mwanamke kumiliki kitu kinacholia namna ile. Lakini uwele wa Agripina ulikuwa ukiliwa kila alfajiri, na mwenyekiti mwenyewe alishazikagua nyayo shambani, akatangaza kuwa ni za nguruwe pori. Nyayo zikishakaguliwa na mwenyekiti hazikaguliwi tena. Basi akaweka sharti mbele ya wazee.

"Kinachokula uwele wako, kipige. Risasi moja, mchana, wote tukiona. Ukikosa, gobore linahamia kwangu."

Agripina hakuwa amewahi kupiga hata manati. Alimwendea Mzee Damiani, mrina asali, akampa shikamoo, na mzee akakubali kumfundisha. Baruti hutangulia mtutuni. Inafuata risasi iliyovishwa kitambaa chenye mafuta, nayo hushindiliwa kwa ufito mpaka igote. Baruti laini kidogo huwekwa kwenye kisahani cha pembeni, kisha nyundo yenye jiwe huvutwa nyuma. Macho hayafumbwi, kwa sababu gumegume huwaka kwanza karibu na uso wako, ndipo likumbuke kazi yake.

Siku ya kwanza moto wa kisahani uliondoka na unyusi wake wa kulia. Siku ya pili ukaondoka na wa kushoto, na Mzee Damiani akasema sasa amekaa sawa. Siku ya tatu Agripina alisahau ufito ndani ya mtutu, nao ukaruka ukaangusha papai la jirani. Jirani alishukuru. Lilikuwa limeiva na hakuwa na ngazi.

Ijumaa saa kumi wazee walipanga viti kando ya shamba. Baruti hupimwa kwa pembe ya digidigi, lakini Agripina alikumbuka nyusi zake akapima kwa vidole vitatu, kama chumvi. Kwa mpishi hilo lina maana: iliyopungua huongezwa, iliyozidi haina dawa. Nguruwe pori mmoja akatokeza kwenye vichaka. Agripina akalenga bila kufumba macho, akafyatua.

Gobore lilikohoa. Moshi ulipotawanyika, risasi ilionekana imetoka mtutuni, ikielea usawa wa kifua, ikienda mwendo wa kobe mwenye miadi. Ilimpita nguruwe, ambaye aliitazama kidogo akaendelea kuchimbua mizizi, kisha ikakata kushoto kufuata njia ya kijijini.

"Amekosa," alisema Ezekieli.

"Haijafika bado," alisema Mzee Damiani.

Wazee walishauriana wakaona hoja ipo. Wakabeba viti vyao, wakaifuata.

Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini waliipisha. Giza lilipoingia ilitua juu ya ghala la mwanakijiji mmoja, Rahabu, naye akaifunika kwa ungo kwa ajili ya umande. Jumamosi ilipita sokoni katikati ya mafungu ya nyanya, na mwalimu wa hisabati akaleta wanafunzi wake waipime mwendo. Walipata majibu manne tofauti, yote akayapa vema. Jumapili ilifika kanisani wakati wa matangazo, ikasubiri mlangoni mpaka yalipoisha. Kufikia hapo ilikuwa na watu zaidi ya mia nyuma yake, ngoma mbili, na mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi huku akitembea.

Saa nane mchana risasi iliingia kwenye boma la Ezekieli. Ilimgusa fahali wake mkubwa kwenye paji la uso, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, ikabaki pale pale. Fahali alikuwa akitafuna bua la uwele. Kwenye bua kulikuwa na kipande cha kanga nyekundu, kimojawapo cha vile ambavyo Agripina huvifunga shambani kutisha ndege.

Wazee walikaa, wakakubaliana kwamba amepiga. Ezekieli naye alikubali. Gobore ni la Agripina, alisema, na akawakumbusha kwamba sharti lilihusu gobore, halikuhusu uwele. Wazee waliona hilo nalo ni kweli. Ngoma zikapigwa mpaka jioni, na Agripina akacheza na gobore begani.

Jumanne alfajiri ng'ombe walirudi shambani, fahali mbele, risasi ikielea pajini pake. Agripina alikuwa ameshashindilia. Hakubadili kipimo, kama asivyobadili mpishi aliyesifiwa.

Kufikia mavuno alipata nusu ya uwele wake, na wanawake kumi na mmoja walikuwa wakija kwake kila Alhamisi kujifunza, wote bila nyusi. Ng'ombe wote kumi na tisa wa Ezekieli wana risasi zao sasa, na hulishwa bomani, hawatoki tena. Wageni wakija kutoka Itigi, Ezekieli mwenyewe huwapeleka huko, akawaonyesha mmoja mmoja.

"Kazi ya mtoto wa kaka yangu," huwaambia. "Hajawahi kukosa."